Jino la Kapita

Harufu ile niliikuta tena mwaka huu, mdomoni mwa paka wa binti yangu. Nilikuwa nimekaa barazani nachambua lenga-lenga, paka akapanda mapajani kama kawaida yake, akapiga miayo karibu na uso wangu. Nikamtupa chini. Sikumweka, nilimtupa, mboga zikamwagika, na binti yangu akatoka ndani mbio akiuliza, "Mama, amekuuma?"

Hakuniuma. Alipiga miayo tu. Lakini pumzi ile, ya kitu kinachooza polepole mahali pa joto, ilinirudisha nyuma ya jiko letu la zamani kule Mbunya, mtaa wetu wa Bunia, na hasira ikanipanda.

Kesho yake tulimpeleka kwa mganga wa mifugo, dada mmoja kijana. Aliinua mdomo wa paka kwa kidole gumba, akatuonyesha. Meno ya nyuma yalikuwa yameshikwa na gamba la kahawia, gumu kama ukoko wa sufuria. Ufizi ulikuwa mwekundu, umevimba. Jino moja lilicheza, na chini yake usaha ulichungulia.

"Alianza lini kula kwa shida?" dada yule akauliza.

"Anakulaka upande moja tu," binti yangu akasema. "Tangu Pasaka."

"Na harufu?"

"Tulizani paka bote bananukaka."

Nilimkaripia mtoto pale pale, kwa sauti ambayo hakuwahi kunisikia nayo. Mganga alidhani namkasirikia mtoto. Haikuwa hivyo. Binti yangu alikuwa amesema, karibu neno kwa neno, kitu ambacho watu wazima wa kwetu walikisema nilipokuwa na miaka tisa, na kwa sababu ya kitu hicho mbwa wetu alikufa kifo ambacho hakustahili.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka kurudi Bunia. Mnakumbuka namna tulivyoambiwa kwamba vita imekwisha, na namna hakuna aliyesema neno hilo kwa sauti kubwa. Tulirudi kutoka Beni juu ya lori la mihogo: mama, mdogo wangu Elia, baba mdogo Etiene na mimi. Baba yetu alikuwa amepata kazi ya mbao Mambasa, akabaki huko, anakuja kwa nadra. Kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyekuwa mwanaume wa nyumba, na yeye mwenyewe hakutuacha tusahau.

Nyumba tuliikuta imesimama bila manjanja. Walikuwa wameng'oa bati hizo zote za paa, milango, hata fremu za madirisha. Ndani ya chumba cha wazazi majani yalikuwa yamefika kiunoni mwangu. Nyuma, karibu na migomba, palikuwa na kifusi kirefu cha udongo mwekundu na mawe matatu juu yake. Mama Vero, jirani yetu wa lupango la pili, ua wa kando ya wetu, alimshika mama mkono, akampeleka pale. Niliwaona wakisimama. Nilimwona mama akikaa chini, miguu ikiwa imenyooshwa mbele kama mtoto. Hakuna aliyenieleza kitu, lakini nilijua hapo ni Tate.

Tate alikuwa bibi yetu, mama yake baba. Siku tulipokimbia alikataa kutoka. Alisema miguu yake haifiki hata Komanda, na kwamba hawezi kufia njiani kama kuku wa sokoni. Tulimwacha kwenye kiti chake mlangoni mwa jiko, na mbwa wetu Kapita amelala miguuni pake.

Kapita tulimkuta hai. Alitoka nyuma ya jiko, mbavu zote zikihesabika, kipande cha mnyororo kikining'inia shingoni, akaja mbio akitikisa mwili mzima. Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja juu, moja chini. Tate ndiye aliyempa jina hilo, maana alipokuwa mdogo alipenda kutembea nyuma ya watu wanaolima, akiwasimamia kama kapita wa shamba la mzungu. Alinirukia, akaweka miguu mabegani mwangu, akanilamba uso.

Hapo nikasikia harufu.

Nilijua harufu ya mbwa. Nilikuwa nimelala na Kapita sakafuni tangu sijaweza kutembea. Hii ilikuwa nyingine. Nilijifuta uso kwa gauni nikarudi nyuma, na baba mdogo Etiene, aliyekuwa anashusha masufuria, akacheka kicheko kifupi.

"Unashangaa nini? Weye unauliza juu ya nini kinywa yake iko nanuka? Uliza kwanza alikula nini wakati siye tulikuwa Beni."

"Etiene!" mama alisema.

"Ni uongo? Mbwa yote ya Bunia bilikula batu. Kila mutu anajua."

Ni kweli kwamba kila mtu alisema mbwa walikula watu. Tulisikia hadithi hizo hata Beni, watu wakizinong'ona kando ya moto halafu wakitazama kama watoto wamelala. Sikatai kwamba katika mji ule mambo ya kutisha yalitokea. Lakini baba mdogo hakuwa Bunia. Hakumwona Kapita akila chochote. Alinusa harufu, akatunga kesi na hukumu kwa pumzi moja, akarudi kwenye masufuria yake.

Nilikuwa na miaka tisa, na nilijua kujumlisha. Tate alikufa hapa. Kapita alikuwa hapa. Kapita ananuka kama kitu kilichokufa. Yale mawe matatu juu ya kaburi, nikajiambia, yamewekwa kuficha kwamba ndani hamna kitu.

Sikumwuliza mtu. Ningemwuliza nani? Wakati ule watu wazima wa nyumba yetu walikuwa wanaongea habari za manjanja, za misumari, za nani amerudi na nani hajarudi. Ukiuliza habari za vita unaambiwa nenda ukachote maji. Kwa hiyo nilibeba jibu langu peke yangu, na nikaanza kumchukia Kapita.

Nilimchukia kwa bidii. Akinifuata kisimani nilimrushia mawe. Akilala mlangoni nilimwagia maji. Usiku niliota anamla Tate kuanzia miguuni, na Tate anamkaripia kwa upole, kama alivyokuwa akimkaripia akiiba dagaa wa sambaza walioanikwa. Na yeye, mjinga yule, kila asubuhi alinijia tena, kichwa chini, mkia ukipiga mapaja yake, akininusisha pumzi ile.

Mambo mengine niliyaona, na leo ndiyo yanayoniumiza zaidi, kwa sababu niliyaona yote. Niliona kwamba akipewa mfupa anaunyanyua, anauangusha, anautazama. Niliona kwamba bugali ngumu anaisukuma kwa pua lakini mchuzi anaulamba. Alikula kichwa kimeinama upande wa kulia, kama mtu anayesikiliza kitu mbali. Mate yalimtiririka mpaka yakalowesha kifua. Alijikwaruza shavu kwa mguu, akasugua uso ukutani mpaka ukuta ukaacha alama. Kisha chini ya jicho lake la kushoto pakatoka uvimbe, mdogo kama harage, baadaye mkubwa kama ndimu, na akawa mkali. Ukimgusa kichwa alinguruma. Kapita aliyekuwa analaliwa na vifaranga!

"Ameanza kuharibika," baba mdogo alisema. "Mbwa ikisha kuonja mutu haiwezi kurudia kuwa mbwa."

"Pengine iko mugonjwa," mama alisema. Alikuwa anakoroga bugali na hakugeuka.

"Hata kama iko mugonjwa, utaipeleka opitali? Mbwa njo inanukaka vile."

Wakacheka wote wawili. Nakumbuka kwamba nilifurahi kumwona mama akicheka, maana alikuwa hacheki tena. Nikacheka na mimi.

Elia peke yake hakucheka. Mdogo wangu alikuwa na miaka minne, kichwa kikubwa, tumbo mbele, na tabia ya kuchungulia kila kitu chenye tundu. Alikuwa amezaliwa karibu na vita, hakuwa na kumbukumbu ya Tate wala ya hadithi za Beni. Kwake Kapita alikuwa mbwa tu, na mbwa huyo alikuwa analia.

Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, siku ya soko. Mama alikuwa ameenda kuuza makala, mkaa wa kupikia, baba mdogo alikuwa barabarani na wenzake wakicheza dama. Mimi nilikuwa naosha vyombo chini ya mgomba. Elia alichuchumaa mbele ya Kapita kwenye kivuli cha jiko, uso kwa uso.

"Yaya," aliniita, kama tunavyomwita mkubwa wa kuzaliwa. "Yaya, Kapita iko na maumivu."

"Muache."

"Kuja kuangalia. Iko na jino mweusi."

Nikainua macho. Elia alikuwa amemshika Kapita mdomo wa juu kwa vidole viwili, ameuinua kama mtu anavyoinua pazia. Na Kapita, aliyekuwa ananguruma kila akiguswa, alikuwa amemwachia. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, macho yamegeukia pembeni, lakini amemwachia. Leo nikifikiri juu ya picha ile nashindwa kukaa kitini. Katika nyumba nzima, katika avenyu nzima yenye watu wazima waliosoma na waliosali, aliyefungua kinywa cha mbwa yule na kutazama ndani alikuwa mtoto wa miaka minne.

"Nitaitosha," Elia alisema. Akaingiza mkono na kulivuta.

Kapita alilia kabla ya Elia kulia. Sauti ilikuwa ya juu, kama ya mtu. Meno yakafunga. Elia akavuta mkono, damu ikaruka mpaka kwenye sahani zangu. Kapita akamwachia mara moja, akarudi nyuma mpaka ukutani, akabaki pale anajilamba, mate na damu ya mdogo wangu vikimdondoka.

Majirani walifika kabla sijasimama. Baba mdogo alifika na watu wa dama. Mtu alifunga mkono wa Elia kwa kitenge. Wote walikuwa wanapiga kelele kwa pamoja, na katikati ya kelele ile baba mdogo alinishika bega, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Solanji. Weye ulikuwa hapa. Mutoto alimufanya nini mbwa?"

Nilitazama kaburi. Sitasema kwamba sikujua nilichokuwa nafanya. Nilijua.

"Hakufanya kitu," nikasema. "Alikuwa anacheza. Kapita alikuja mbio akamuuma."

"Bila sababu?"

"Bila sababu. Na alikuwa anatosha povu."

Povu lile nililiongeza mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza habari za povu. Neno kichaa likapita kutoka mdomo hadi mdomo, na wanawake wakawavuta watoto wao. Baba mdogo alichukua mpini wa jembe. Watu wawili walichukua magongo. Sikutegemea walichofanya kwanza: baba mdogo alimwita. Alipiga ulimi, akasema kwa sauti nzuri, "Kapita, kuja. Kuja, mutoto."

Na Kapita alikuja. Kichwa upande, mkia chini lakini ukitikisika.

Sitaeleza zaidi. Halikuwa jambo la haraka, na nililitazama lote, maana nilidhani kwamba nitajisikia vizuri kwa ajili ya Tate. Sikujisikia vizuri. Nilitapika juu ya vyombo vilivyooshwa.

Mama alirudi akakuta Elia tayari amebebwa santre, kwenye kituo cha afya. Tukakimbia huko. Muuguzi alikuwa anaosha kidonda kwa maji na sabuni, muda mrefu, mpaka Elia akachoka kulia.

"Mbwa iko wapi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Imekwisha," baba mdogo alijibu kwa kujidai. "Tuliimaliza."

Muuguzi aliacha kuosha. "Muliua? Juu ya nini muliua? Ilipashwa kufungwa siku kumi! Ikibaki muzima siku kumi, tunajua haiko na kichaa, mutoto anaenda kucheza. Sasa nitajulia wapi? Sasa huyu mutoto lazima achomwe shindano zote. Na dawa hapa haiko."

Haikuwepo santre, haikuwepo santre ya pili, na mama alizunguka mji mzima siku ile akiwa na Elia mgongoni. Mtu fulani alimwambia ajaribu kwa askari wa kofia za bluu karibu na uwanja wa ndege. Alisimama getini kwao mpaka jua likazama, akarudi mikono mitupu. Dawa ilipatikana siku ya tatu, kupitia kwa masista waliokuwa na friji. Siku zile mbili za kungoja, mama hakula. Alikuwa anamtazama Elia akinywa maji, maana alisikia kwamba mwenye kichaa huogopa maji, na kila Elia alipokohoa kidogo juu ya kikombe, mama aliziba mdomo wake mwenyewe kwa kiganja.

Lakini kabla ya hapo, asubuhi iliyofuata siku ile ya soko, alikuja Muzee Pascal. Alikuwa amefanya kazi ya kutibu ng'ombe maisha yake yote, na ng'ombe walipokwisha kuibwa aliendelea kutembea na mkoba wake kama kwamba wapo. Muuguzi ndiye aliyemtuma. Kapita alikuwa bado hajazikwa, amefunikwa gunia nyuma ya jiko. Muzee Pascal alivaa glavu ndefu, akapiga magoti kwa shida, akafunua gunia. Akatazama miguu, macho, ule uvimbe. Kisha akafungua kinywa kwa vijiti viwili.

"Nani aliangaliaka mu kinywa ya huyu mbwa?" akauliza.

Elia alikuwa amelala ndani.

"Nauliza. Mu hii nyumba, nani aliangalia?"

"Muzee, ni mbwa," baba mdogo alisema.

"Kuja hapa, weye. Kuja uone."

Baba mdogo hakwenda. Nilikwenda mimi. Muzee Pascal alinionyesha kwa ncha ya kijiti, kwa subira, kama mwalimu. Jino kubwa la juu, upande wa kushoto, lile la kutafunia mifupa, lilikuwa limepasuka katikati kutoka juu hadi chini. Kipande kimoja kilikuwa kimeanguka. Kilichobaki kilikuwa cheusi, na ndani yake palikuwa na tundu. Ufizi kuzunguka jino ulikuwa umekufa. Aliubonyeza uvimbe wa chini ya jicho, na usaha ukatoka kupitia kinywani, ukijaza harufu ile yote, harufu yangu, harufu ya Tate, mpaka watu wakarudi nyuma.

"Hii njo ilikuwa inanuka," alisema. "Jino ilivunjika, muzizi ikaoza, usaha ikapanda mpaka ku jicho. Miezi mingi. Weye ungepata hii, ungekuwa unapiga kelele avenyu nzima isilale. Yeye alinyamaza. Ilibaki kuitosha tu. Nusu saa. Niko naishi hapa nyuma ya soko!"

"Kwa hiyo haikukuwa kichaa?" mama akauliza.

"Siwezi kukuambia, mama. Miye naona jino. Lakini mulimuua, na mbwa aliyekufa hawezi kungojewa siku kumi. Mutoto achomwe."

Niliuliza kwa sauti ndogo, "Haikukula batu?"

Muzee Pascal alinitazama. Mama Vero, aliyekuwa amesimama kwenye lupango, ndiye aliyejibu, na alijibu kwa ukali.

"Nani alikuambia ile? Kapita ikule mutu? Ilikuwa mu munyororo! Tate yenu njo alimufunga mu jikoni, aliona namna bale ba bunduki banapiga mbwa risasi barabarani, akaogopa. Tate alikufa na malaria, mu kitanda yake, miye nilimushika mukono. Tulimuvalisha kitenge yake ya misa, tukamuzika na miye na bwana yangu. Mbwa ilibaki mu munyororo, nilikuwa naitupia mabaki juu ya lupango. Siku risasi zilizidi siye wote tulilala mu pori, tuliporudia ikakuwa imeuma munyororo mpaka ikakatika. Jino ilivunjikia pale. Chuma, mutoto yangu. Ilikuwa inauma chuma."

Alisema yote hayo mbele ya watu wote kwa mara ya kwanza, miezi tangu turudi. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Baba mdogo alipangusa mikono kwenye suruali.

"Mbwa ni mbwa," alisema, akatoka kwenda dama.

Jioni ile nilimfuata mama jikoni nikamwambia. Nilimweleza kila kitu: kwamba Elia aliingiza mkono, kwamba povu halikuwepo, kwamba nilidhani Kapita amemla Tate. Nilitaka anipige. Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo, na naamini fimbo ingenisaidia.

Mama aliendelea kupuliza moto. "Umeambia nani mwingine?"

"Hakuna mutu."

"Basi nyamaza. Baba yako mudogo akijua utamuletea haya, na baba yako akisikia kutakuwa maneno. Tuko na amani sasa. Usikoroge."

Ndiyo amani tuliyolelewa ndani yake, wenzangu. Usikoroge. Miaka ile mji mzima ulikuwa umejaa watu waliosingiziwa kwa harufu tu, kwa jina, kwa mahali walipoonekana siku fulani, na waliosingizia walikuwa wanapita barabara moja nao wakiulizana habari za asubuhi. Mbwa alikuwa mdogo kabisa katika hesabu ile. Lakini kwangu alikuwa hesabu yote. Nimemkasirikia baba mdogo mpaka alipokufa, na nilimlilia kwenye msiba huku nikimkasirikia. Nimemkasirikia mama kwa kicheko kile cha jikoni. Na yule mtoto wa miaka tisa aliyetazama kaburi kabla ya kujibu, sijawahi kumsamehe.

Ndiyo maana nyumbani kwangu watu wananicheka. Nina mbwa wawili na paka yule wa binti yangu, ambaye sasa ana jino moja pungufu na anakula mpaka anapasua sahani kwa ulimi. Mara tatu kwa wiki nawakalisha mmoja mmoja, nafunga kitambaa laini kidoleni, nakilowesha, nasugua meno yao ya nje, kuanzia nyuma. Dawa ya meno ya watu siwapi, inawadhuru. Siwapi mifupa iliyopikwa wala kitu kigumu ambacho mimi mwenyewe nisingeweza kukikwaruza kwa ukucha. Mbwa wa kwangu hafungwi kwa mnyororo. Nikipita kwa jirani nikasikia harufu mbaya kwa mbwa wake, nasimama. Wananijibu, "Mama Solanji, mbwa njo inanukaka vile," nami nainua sauti, na nimepoteza marafiki wawili kwa jambo hilo. Sijutii. Harufu si tabia ya mnyama. Harufu ni kidonda kinachoita, na mwenye kidonda hana mdomo wa kusema.

Mwezi uliopita Elia alikuja kunitembelea. Ni fundi wa pikipiki huko Nizi sasa, mwanaume mrefu mwenye watoto watatu, na mgongoni mwa mkono wake wa kulia yamebaki mabaka manne meupe. Alinikuta nyuma ya nyumba nimemshika mbwa kidevu, kitambaa kidoleni. Alichuchumaa kando yangu. Alitazama bila kucheka.

Sijui kwa nini ilikuwa siku ile. Nilisema huku nikiendelea kusugua, ili nisimtazame.

"Elia, ile siku ya Kapita. Niliwadanganya. Weye ulimutia mukono mu kinywa, alikuwa na maumivu. Nilisema alikuja mbio bila sababu."

"Najua," alisema.

Mkono wangu ukasimama.

"Nakumbuka yote, yaya. Jino lile mweusi nalikumbuka. Nilikusikia ukisema habari ya povu."

Hasira ikanipanda, hata kwake, hata saa ile. Miaka yote hiyo! Nikamgeukia nikapaza sauti, mbwa akajichomoa mikononi mwangu.

"Sasa ulinyamaza juu ya nini? Ulikuwa pale, ulijua, mbona hukusema?"

Elia alinitazama kwa upole ambao sikuweza kuubeba.

"Miye nilikuwa na miaka inne, yaya," alisema. "Weye ulikuwa na tisa."